Deni la Barabara

Deni ni nini? Deni ni mali ya mwingine iliyo mkononi mwa mtu mpaka siku ya kuirudisha. Jambo hilo kila mtu wa kijiji analifahamu tangu utoto. Walakini kuna deni jingine ambalo wengi hawalioni, kwa kuwa halikukopwa na mtu mmoja, bali na nchi nzima. Nalo ni deni la barabara. Yafaa basi kuuliza: je, ni haki wazee wakope, watoto walipe?

Kwanza, mfano. Mzee mmoja alikopa mbuzi watatu kwa jirani yake, akawachinja siku ya karamu. Mzee wa pili alikopa fedha, akanunua miche ya michikichi, akaipanda na kuipalilia. Wote wawili walikufa kabla ya kulipa. Mwenye kukopesha alipofika, watoto wa yule wa kwanza walikuta deni tupu, wasione hata mfupa wa mbuzi. Watoto wa yule wa pili walikuta deni pamoja na mawese. Wakalipa bila manung'uniko, maana shamba lenyewe liliwasaidia kulipa. Wahenga walisema: kukopa arusi, kulipa matanga. Neno hilo lilimpata mzee wa kwanza, wala halikumpata wa pili. Basi ubaya haumo katika kukopa kwenyewe, umo katika kumwachia mtoto deni bila kumwachia kitu.

Sasa nchi yenyewe. Kongo ina karibu kilometa 58,000 za barabara zinazohesabiwa kuwa za faida ya taifa zima, na zilizo nyingi ni za udongo. Mvua inyeshapo, kizuizi hufungwa, na makamyo hungoja njia ikauke. Ndizi huoza, bei ya chumvi hupanda, mgonjwa hachukuliwi hospitali kwa wakati. Hivyo nchi hubaki maskini kwa sababu ya njia mbovu, na kwa sababu ni maskini haipati fedha ya kuitengeneza. Kwa hiyo Serikali hukopa ng'ambo, na kukopa kwa namna hiyo kwaweza kuwa kama kupanda michikichi.

Mwaka 2008 Kongo ilifanya mapatano na makampuni ya Uchina. Wao watafute dola miliardi 6 za barabara, hospitali na kazi nyingine za watu wote, na miliardi 3 za kuchimba shaba na kobalti karibu na Kolwezi. Deni lilipwe kwa faida ya madini. Mwaka 2009, Shirika la Fedha la Kimataifa likiogopa kwamba mzigo wa nchi utazidi, zile miliardi 6 zilipunguzwa zikawa 3. Kwa fedha hiyo zilitengenezwa njia kadha wa kadha, kama ile ya Lubumbashi kwenda Kasomeno na sehemu ya njia ya Beni kuelekea Niania. Lakini mwaka 2023 wakaguzi wa fedha wa Serikali walitangaza kwamba katika miliardi 3 zilikuwa zimetumika milioni 822 tu. Mwaka 2024 mapatano yakarekebishwa, na fedha za kazi hizo zikapandishwa hata miliardi 7. Yapasa kukumbuka neno moja: shaba ikiisha kutoka ardhini hairudi. Mtoto wa kesho atauliza, "Shaba ya babu iko wapi?" Jibu lake liwe barabara anayoikanyaga, lisiwe maneno.

Tena barabara nayo hufa. Haiuawi na magari pekee, huuawa hasa na maji. Mtaro ukizibwa, maji hutuama juu ya njia, udongo hulainika, gurudumu huchimba shimo, na mvua ya pili hulipanua. Njia ya udongo isiyotunzwa huharibika katika miaka michache. Lakini mikopo ya Benki ya Dunia kwa nchi maskini hulipwa katika muda wa miaka 30 au 40. Hapo ndipo udhalimu unapoingia: njia imekufa, deni li hai. Kwa sababu hiyo Kongo iliunda mwaka 2008 mfuko wa kutunza barabara, uitwao FONER, unaopata mali yake katika kodi ya mafuta ya magari na malipo ya njiani. Anayekula fedha hiyo haibi kwa Serikali tu, anamwibia mtoto ambaye hajazaliwa.

Wengine husema: "Sisi hatukuulizwa; aliyetia sahihi ndiye alipe." Katika neno hilo mna ukweli. Mwaka 2010 Kongo ilisamehewa deni la dola zaidi ya miliardi 12, na sehemu yake kubwa ilianzia wakati wa Mobutu, aliyetawala toka 1965 hata 1997. Watu wa vijijini walikuwa hawajaona faida yake. Anayekopesha huku akijua kwamba mali italiwa na wakubwa, naye ana sehemu yake katika kosa. Mwenye kutoa fedha ana haki ya kulipwa, lakini ana wajibu wa kutazama inavyotumika. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilisimamisha fedha za ujenzi, baada ya kusikia habari za wanawake kutendwa jeuri penye kazi za barabara kati ya Bukavu na Goma. Tendo hilo laonyesha kwamba mwenye kutoa aweza kuuliza akitaka.

Walakini msamaha haungojwi kama mvua ya masika. Mtu wa kijiji hakutia sahihi, lakini njia inapita mlangoni pake. Akifungua mtaro, anapunguza deni la mwanawe. Akiuziba ili apate kivuko cha kwenda shambani, analiongeza.

Je, ni haki wazee wakope, watoto walipe? Ni haki, ikiwa watoto watakuta walichokopewa. Na wasipokikuta? Hapo wazee hawakukopa, waliiba.