Babu wa Kuazima

Baba mkwe wangu ana miaka 86, na kuna jambo moja analotaka kulijua kabla hajaaga dunia: kama kweli mtu wa kwanza wa ukoo wao kukanyaga Marekani alikuwa askari wa Hesse.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nimeolewa huku Pennsylvania, karibu na mji wa Lancaster. Kazi ya kutafuta kanipa mimi, si wanawe, kwa kuwa nilifanya kazi masjala miaka mingi na, kwa maneno yake, sichoki na makaratasi. Hadithi yenyewe husimuliwa kila Krismasi. Eti babu huyo alitekwa na jeshi la George Washington kule Trenton, akaletwa Lancaster akiwa mfungwa wa vita, akapewa mkulima amfanyie kazi, akampenda binti wa mkulima. Vita vilipokwisha wenzake wakapanda meli, yeye akabaki.

Hadithi tamu, na historia haiikatai. Makoloni ya Marekani yalipoasi, Uingereza ilikodi askari kutoka kwa watawala wadogo wa Kijerumani, wapata 30,000 kwa vita vyote. Zaidi ya nusu walitoka Hesse-Kassel, ndiyo maana wote wakaitwa Wahesse. Azimio la Uhuru la 1776 linamshutumu Mfalme George III kwa kuleta mamluki, lakini neno hilo linampunja askari mwenyewe. Hakupatana bei yeye. Bei ilipatanwa na mtawala wake, naye akaambiwa afunge mzigo. Tarehe 26 Desemba 1776 Washington aliwavamia Trenton, akateka watu kama 900. Wafungwa walipitishwa Philadelphia, wengi wakapelekwa Lancaster, na wapo waliofanya kazi kwa wakulima. Bunge la waasi lilikuwa limeshaahidi ekari 50 kwa askari atakayetoroka. Maelfu walibaki.

Basi nikaanza kutafuta. Nilirudi nyuma kizazi kwa kizazi, kutoka vyeti hadi wosia, kutoka wosia hadi vitabu vya ubatizo vya makanisa ya Kijerumani. Mtu wetu yumo kwenye sensa ya kwanza ya 1790. Kabla ya hapo anaonekana mara moja tu, 1784, akibatiza mtoto. Nyuma ya hapo ni giza.

Upande wa pili wa bahari iko orodha ya askari wa Hesse, iliyotengenezwa Marburg kutokana na daftari za jeshi: jina, umri, kijiji, na kilichompata, kama alitekwa, alitoroka au alikufa. Niliandika jina letu. Wakatokea watatu.

Jina lenyewe ni la kawaida mno, aina ya Johann Müller. Ukimtafuta Johann Müller Ujerumani ni sawa na kumtafuta Juma Ali Tanga. Wavulana wengi walibatizwa Johann kisha wakaitwa kwa jina la pili, na makarani wa huku waliandika walivyosikia, Müller akawa Miller. Zaidi ya hayo, kabla hata ya vita karibu theluthi ya watu wa Pennsylvania walikuwa Wajerumani. Babu wa Kijerumani hahitaji vita ili awe amefika huku.

Lakini mmoja kati ya wale watatu alikuwa na umri unaofaa, na pembeni ya jina lake pameandikwa kwamba alitoroka. Kilichobaki ni kuchora mstari mmoja kwenye mti wa ukoo, mzee afurahi, mambo yaishe.

Nilikaa na mstari ule wiki nzima. Nani angeumia? Mzee hatafuti urithi. Alipokuwa kijana aliandikishwa jeshini kwa lazima, akapelekwa Ujerumani miaka miwili, katika jimbo lilelile la Hesse. Anasema siku moja alisimama kwenye makaburi ya kijiji asichokijua, akahisi amefika kwao. Tangu hapo anatafuta ushahidi wa hisia ile. Nimnyime kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana?

Kilichonizuia ni yule askari. Ana kijiji chake na wazazi waliomzaa. Huenda alitoroka akarudi kwao kimyakimya, akaoa, akazeeka, na leo wapo wajukuu wanaomtafuta kama sisi. Huenda alifia porini. Nikimchukua bila uhakika, nimemwoza mke ambaye hakumwoa na kumpa watoto ambao hakuwazaa. Na huyu tayari alishahamishwa kwa karatasi mara moja, bila kuulizwa. Katika mkataba wa watawala wenzao wa Brunswick, majeruhi watatu walihesabiwa sawa na maiti mmoja kwa malipo. Mtu aliyeishi katika hesabu za namna hiyo, nami nimchukue tena kwa kalamu, kwa sababu tu ananifaa? Nikaona haya.

Kwetu pwani tunalijua jambo hili. Koo ngapi zimesema asili yao ni Shiraz, na ni ngapi zilikuwa na hati? Sicheki. Mtu anataka mahali pa kuanzia. Methali inatuambia mkataa kwao ni mtumwa, nami naiamini. Ila haituambii lolote juu ya anayejibandika kwa watu wasio wake. Nadhani huyo naye amewakataa wake, wale waliokuwa kweli, ambao majina yao hayakuandikwa na mtu yeyote. Huenda babu yetu wa kweli hakushika bunduki wala hakutekwa. Alilima, akabatiza mtoto, akafa. Hana hadithi, lakini mzee katoka kwake.

Jumapili nikaenda kumwona. Nikamwambia, "Baba, wako watatu. Mmoja huenda ni wetu. Huenda hata mmoja si wetu. Siwezi kukuapia."

Alinyamaza kwa muda, anaangalia dirishani. Niliogopa. Nilikuwa nimechukua hadithi ya mtu wa miaka 86 na kumrudishia neno "huenda".

Kisha akauliza, "Walikuwa na umri gani?"

Nikamwambia mdogo wao alikuwa na miaka 18.

"Mimi nilikuwa na 22," akasema. Akavuta kiti karibu. "Haya, mwanangu, nisomee wote watatu. Na vijiji vyao."

Nikavaa miwani, nikamsomea.