Zamu ya Vyoo na Meza ya Bwana

Je, haki ya kulazimishwa ni haki? Wanafunzi wetu wa theolojia hujibu upesi kwamba sivyo, kwa kuwa Mungu huutazama moyo. Mimi nimekuwa mzito wa kujibu hivyo tangu nilipofundisha majuma sita, nikiwa mwalimu mgeni, katika shule moja ya bweni ya kanisa huko Tamil Nadu, kusini mwa India.

Walutheri wa huko ni ndugu zetu wa karibu kuliko tunavyodhani. Ziegenbalg na Plütschau walifika Tranquebar mwaka 1706, na Misheni ya Leipzig iliyokuja kuirithi kazi yao ndiyo iliyotuma wamisionari Kilimanjaro mwaka 1893. Kengele ya alfajiri, sala, kufua nguo zako mwenyewe, kujisomea usiku: mzee yeyote aliyesoma bweni kwetu angejiona yuko nyumbani. Ila asubuhi huliwa idli na sambar badala ya uji, na jioni uwanja ni wa kriketi.

Kilichonishika ni karatasi ya zamu ukutani. Kila mtoto, awe wa ukoo gani, husafisha vyoo. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. India lina uzito mwingine, maana kwa karne nyingi kazi ya kuzoa kinyesi iliachiwa watu wa matabaka ya chini, waliozaliwa nayo na kufa nayo. Katiba ya 1950 ilipiga marufuku desturi ya kumhesabu mtu najisi kwa kuzaliwa kwake. Hata hivyo mwaka 2013 Bunge lilitunga tena sheria ya kukataza watu kuajiriwa kuzoa kinyesi kwa mikono. Wala kanisa halikuwa safi. Wakristo wa Tranquebar ya zamani waliketi ibadani wakitengana kwa tabaka, mbele ya madhabahu moja.

Kijana mmoja wa familia inayojiweza aliniambia wazi kwamba anaichukia zamu ile. Akaongeza kuwa rafiki yake, wanayelala vitanda jirani, akiwatembelea likizoni, bibi humpa maji katika kikombe cha peke yake.

Basi sheria ya shule haijaugeuza moyo wa nyumba ile. Luther hakutarajia sheria ifanye hivyo. Kuugeuza moyo ni kazi ya Injili. Sheria huzuia uovu usitambe. Lakini mtazame yule rafiki. Shuleni hakulazimika kungoja mioyo ya wenzake iongoke ndipo aheshimiwe. Sisi tunaosisitiza moyo tu, mara nyingi ndio tusioumia wakati wa kungoja. Paulo naye kule Antiokia hakungoja. Petro alipojitenga na meza ya watu wa Mataifa, alimkemea mbele ya wote, na jambo lenyewe lilikuwa chakula.

Tusiwacheke Wahindi. Ni nyumba ngapi za washarika wetu ambamo dada wa kazi hula jikoni, peke yake, baada ya wote, kwa sahani yake inayojulikana? Jumapili hukinywea kikombe kimoja na mama mwenye nyumba.

Nilimuuliza yule kijana hufanya nini bibi akileta kikombe kile. Alinyamaza kidogo.

“Nami hukinywea hicho hicho, sir,” akasema. “Bibi akishageuka.”