Dramu za umeme sebuleni: Hedifoni haijajibu kila swali

Kila zinapotajwa ala za muziki mbele ya Waislamu, swali linalotangulia ni moja tu: halali au haramu? Likishajibiwa hilo, kila mtu huenda zake akiwa ameridhika, aliyeharamisha na aliyehalalisha. Ni swali la lazima, wala makala hii haikusudii kulidharau. Lakini katika baadhi ya nyumba za mijini kimeingia kifaa ambacho swali hilo peke yake halikitoshi, nacho ni dramu za umeme.

Kwa asiyekijua, hicho si chombo cha ngozi na mzinga. Ni fremu ya chuma iliyofungwa vibao vya mpira au vya wavu, pamoja na matoazi ya mpira na pedeli ya mguu, vyote vikiunganishwa kwa waya na kisanduku ambacho wapigaji hukiita moduli. Ndani ya kila kibao mna kihisio. Ukikipiga kwa kijiti, kihisio hugeuza mtikisiko kuwa umeme mdogo, moduli hupima nguvu ya pigo, kisha hutoa sauti iliyokwisha kurekodiwa au kutengenezwa kabla. Mpigaji huisikia kwenye hedifoni. Aliyekaa pembeni husikia ko-ko-ko tu, mithili ya mtu anayekata mchicha juu ya ubao. Kampuni ya Simmons ya Uingereza ilitoa seti yake maarufu ya vibao vya pembe sita mwaka 1981, lakini vilikuwa vigumu na viliumiza mikono. Mwaka 1997 Roland ya Japani ikaja na vibao vya wavu ilivyovitengeneza kwa kushirikiana na Remo, watengenezaji wa ngozi za ngoma wa Marekani. Mkono ukaanza kuhisi kama unapiga ngoma yenyewe, na mtu wa kawaida akaona anaweza kuwa na ngoma chumbani.

Hapo ndipo ilipozaliwa hoja ambayo nimeisikia kwa vijana zaidi ya mara moja: "Ustadhi, hii si ngoma. Hii ni plastiki na umeme." Kwamba hukumu ya ala haiigusi, kwa sababu haina ngozi na haina sauti yake yenyewe. Hoja hiyo ni dhaifu. Mafakihi wana kanuni mashuhuri kwamba katika mikataba kinachoangaliwa ni makusudio na maana, si matamshi na maumbo, na akili hiyo hiyo inafaa hapa. Kitu kinachopigwa kama ngoma, kikasikika kama ngoma, na kikanunuliwa na mtu aliyetaka ngoma, ni ngoma. Mtume (s.a.w.) alikwishatutahadharisha juu ya watu watakaokunywa pombe kwa kuipa jina lisilokuwa lake. Mchezo wa majina ni wa zamani, wala haukuanza na umeme.

Lakini tusimwonee kijana huyo. Wapo wanaomjibu kwa ukali kwamba ngoma yoyote ni haramu na kwamba suala limekwisha, ilhali wamesoma madhehebu ya Imam Shafi'i kama tulivyosoma wengi wa pwani hii. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaj amejuzisha dufu katika harusi na tohara, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi hata katika mengineyo, hata likiwa na njuga. Aliyoiharamisha kwa kuitaja ni kuba, ngoma ndefu iliyobanwa kiunoni. Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) ametenga kitabu kizima ndani ya Ihya juu ya kusikiliza, akawa mkali kwa ala za nyuzi na za kupuliza zilizokuwa alama ya walevi, huku ngoma akiziachia nafasi isipokuwa hiyo kuba. Ibn Hajar al-Haytami, naye ni Shafi'i, aliandika risala nzima ya kukemea ala. Ibn Hazm wa Andalusia alizidhoofisha Hadithi za kuharamisha. Kwa hiyo anayesema hakuna khilafu hajafungua vitabu, na anayesema jambo hili ni jepesi pia hajavifungua.

Sasa itazame moduli. Kwa kubonyeza kitufe kimoja, kibao kile kile kilichokuwa kikitoa sauti ya dufu kinatoa sauti ya tabla ya Kihindi, au kengele, au ngoma ya ukumbi wa disko. Wanazuoni waliotutangulia walikuwa na uwezo wa kuitazama ala kwa macho, wakaona kiuno chake, nyuzi zake, na watu wanaokaa nayo, wakahukumu. Hapa hakuna kiuno cha kutazama. Kuba na dufu vyote vimelala ndani ya kisanduku kimoja, na anayeamua ni kipi kiamke ni mwenye nyumba, peke yake, masikio yakiwa yamezibwa. Mimi naona hukumu ya chombo cha namna hii inategemea zaidi matumizi kuliko umbo, kama tunavyosema kuhusu televisheni na simu. Huo si ushindi kwa mwenye nacho. Ni mzigo aliotwishwa, kwa kuwa hatapata tena wa kumsingizia.

Na hapa ndipo maswali mengine yanapoanza, yale ambayo hayategemei khilafu ya ala hata kidogo.

Kijana mmoja niliyewahi kumsomesha anaishi na mkewe na mtoto katika nyumba ya ghorofa hapa Dar es Salaam, vyumba viwili na sebule. Alinunua dramu za umeme kwa hoja nzuri kabisa: hataki kumsumbua mtu. Miezi miwili baadaye mama wa ghorofa ya chini, muuguzi wa zamu za usiku, akapanda ngazi kumwuliza mkewe kama kuna anayetwanga mchana. Kijana alishangaa. Si amevaa hedifoni? Ni kweli, lakini hedifoni ilikuwa kwenye masikio yake, si kwenye zege. Kila mguu unapokanyaga pedeli ya ngoma kubwa, pigo linashuka kwenye fremu, fremu inalipeleka sakafuni, na sakafu ya huyu ndiyo dari ya yule. Sauti nyembamba ya vijiti huishia chumbani. Kishindo cha mguu husafiri.

Jibril alimuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani mpaka Mtume akadhani kwamba jirani atapewa fungu la mirathi. Na Hadithi ya kutodhuru wala kudhuriana haikubagua dhara ya halali na dhara ya haramu. Hata anayetwanga kisamvu akimnyima usingizi mgonjwa wa chini ana la kujibu. Tuseme na jingine hapa: wengi watakaomlaumu kijana huyu wanafunga mtaa mzima usiku kwa spika za shughuli na vigodoro, na kesho yake wanasema ni furaha ya harusi. Muuguzi wa mtaa huo halali vile vile, na hakuna anayepanda ngazi kumwuliza.

Dawa ipo na si ghali. Wapigaji wenye busara huweka chini ya seti zulia nene, au hujenga jukwaa dogo la mbao mbili zenye mipira ya tenisi katikati, mipira ikanyonya kishindo kabla hakijafika sakafuni. Kilichobaki ni kupanga saa, na saa hizo apange jirani. Lakini kijana wangu, alipokuja kwangu, fedha alizokuwa amezitenga hazikuwa za jukwaa. Zilikuwa za toazi la pili.

Niliomba anieleze kwa nini toazi la pili, na maelezo yake yalinifunza kuliko nilivyotarajia. Seti ya kuanzia huwa na vibao vinne, pedeli ya mguu na matoazi matatu. Ukijifunza kidogo unaona toazi moja la kumalizia halitoshi, moja la kulia, moja la kushoto. Ukiongeza hilo, kile kibao kidogo cha katikati kinaonekana cha kitoto, unataka kikubwa cha wavu. Kikubwa kinahitaji stendi yake. Kisha matundu ya waya nyuma ya moduli yanakwisha, na sasa si kibao unachohitaji bali moduli nyingine yenye matundu mengi. Moduli mpya ikija, ina matundu matupu, na tundu tupu ni kama sahani tupu mezani. Kila hatua ina sababu. Hakuna hata moja ambayo mtu mwenye akili angesema ni upuuzi, na hilo ndilo linaloitia hatari safari nzima.

Qur'ani imetenga sura fupi, aya nane tu, kuzungumzia kushindana kwa wingi kunakomshughulisha mtu mpaka kaburini. Tumezoea kuisoma tukimfikiria tajiri na majumba yake, na kumbe inamhusu pia mwenye mshahara wa kawaida na fremu ya chuma kwenye kona ya sebule. Imam Shatibi (aliyefariki mwaka 790 Hijria) aliyapanga maslahi ya mwanadamu katika mambo ya dharura, ya haja, na ya kupendezesha. Hakuyakataza ya kupendezesha. Dini yetu haikuja kutunyima pumziko. Ila aliweka sharti ambalo naliona linafaa kabisa kwa mwenye dramu: kila kikamilisho kinakubalika madhali hakirudi kubatilisha kile kilichokuja kukikamilisha. Nilimwuliza kijana asili yake ni ipi. Akajibu, kupumzisha akili baada ya kazi na kujifunza kitu kwa mikono yake, bila kuudhi watu. Basi kipimo anacho. Kama jioni zake zinakwisha kwa kulinganisha bei na kurekebisha moduli badala ya kupiga, kikamilisho kimekula asili. Kama fremu imeongezwa upana hadi kitanda cha mtoto kimehamia kwenye kordo, vivyo hivyo. Na kama toazi la pili limetangulia jukwaa la mipira wakati muuguzi wa chini hajalala, hapo sioni hata haja ya kumtaja Shatibi.

Mkewe nilimsikia kwa mbali katika mazungumzo yale. Hakuwa na ugomvi na ngoma. Alichosema ni kwamba mume akivaa hedifoni, humwita mara tatu bila kuitikiwa, na mtoto amejifunza kumvuta suruali. Kifaa kilichotengenezwa ili nyumba isisikie ngoma kimefanya pia ngoma isisikie nyumba, na mafundi hawana jukwaa la mipira kwa hilo. Dakika arobaini zenye mwisho unaojulikana, baada ya Isha au wakati wowote jirani aliokubali, kisha hedifoni inavuliwa. Nadhani mke yeyote mwenye insafu angeliridhia hilo, na huyu aliridhia.

Limebaki suala la zaka, ambalo aliniuliza akiwa mlangoni. Vifaa vya matumizi ya mtu mwenyewe havina zaka, dramu zikiwemo, ziwe na vibao vinne au kumi na vinne. Lakini fedha anazozikusanya kwa ajili ya moduli kubwa ni fedha kama fedha nyingine. Zikifika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, au gramu 595 za fedha kwa wanaochukua kipimo hicho, na zikazungukiwa na mwaka wa Hijria kabla hajanunua, zinatolewa asilimia mbili na nusu. Na akianza kununua vibao vilivyotumika ili aviuze kwa faida, kama alivyodokeza, hivyo ni bidhaa za biashara, na atavithaminisha kila mwaka kwa bei ya soko siku ya kutoa zaka, si kwa bei aliyonunulia.