Kelele Yangu Naitupa kwa Nani?

Ndugu msomaji, hebu tuanze na swali ambalo mimi nilijiuliza nikiwa nimeshachelewa: je, binadamu ana haki ya kupata ukimya? Na kama anayo, ni nani anayeugharamia ukimya huo?

Usinicheke. Mimi ni mtu wa Makanyagio, hapa Mpanda mjini, na mtu wa Makanyagio akianza kuzungumzia ukimya lazima wenzake wamwulize kama anaumwa. Kwetu siku huanza na jogoo, ikafuata adhana, kisha mashine ya kusaga ikaanza kukohoa. Bodaboda hazihesabiki. Fundi cherehani wa jirani anakanyaga kanyagio lake tangu asubuhi, hata unaweza kudhani mtaa ulipewa jina kwa heshima yake. Jioni kwaya inafanya mazoezi, na kibanda cha kuchajia simu kinashindana nayo kwa singeli. Kelele hizo zimenilea, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ulikuwa na kelele moja tu, nayo ilikuwa chumbani mwangu, chini ya meza yangu: mvumo wa kompyuta.

Mimi natengeneza muziki nyumbani. Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa mtumba wa ofisini. Mshikaji mmoja aliyekuwa Dar aliinunua Kariakoo, akaifunga kwenye blanketi, ikaja Mpanda kwa basi. Ukiiwasha, inavuma. Mwanzoni niliona fahari, nikajiambia kwamba chombo chenye nguvu lazima kivume. Balaa ilianza siku niliyoweka maiki na kuimba. Niliposikiliza kwenye hedifoni, sauti yangu ilikuwa imelala juu ya mvumo, kama mtu anayeimba ndani ya basi. Nikatumia programu ya kufuta kelele. Mvumo ukaondoka, lakini haukuondoka peke yake: miisho ya maneno ikakatika, pumzi zikapotea. Nikawa kama mtu anayeimba bila kuvuta hewa.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake inaswe kwenye santuri. Baada ya uhuru, bendi zetu kubwa, NUTA Jazz, Morogoro Jazz na wenzao, zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Miaka ya 1990 na kuingia 2000, studio za watu binafsi kama MJ Production ya Master J na Bongo Records ya P-Funk zikawafungulia mlango vijana wa Bongo Fleva. Zama zote hizo msanii aliufuata ukimya mahali ulipojengwa: chumba maalumu, mlango mzito, fundi mitambo upande wa pili wa kioo. Leo studio imeingia ndani ya kompyuta moja, na kompyuta inakaa chumba kimoja na kitanda. Lakini ukimya haukuja nayo kwenye boksi. Huo kila mtu anajitafutia.

Basi nikaanza kujifunza. Nikagundua kwamba shida ya kompyuta kwanza ni joto, kelele inafuata. Umeme unaoingia kwenye prosesa mwisho wake ni joto, na joto lisipotolewa prosesa hupunguza mwendo ili isiungue. Ndiyo maana kuna feni. Diski za kizamani nazo zina sahani inayozunguka: ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kila sekunde, na mtetemo wake ukiingia kwenye meza ya mbao, meza nzima inaimba noti moja. Kwa hiyo nilikuwa na waimbaji wanne katika bendi ambayo sikuichagua: feni ya prosesa, feni ya kasha, feni ya pawa saplai, na diski.

Kwanza nikaziba. Nilipachika vipande vya sponji la godoro ndani ya kasha. Kelele ikapungua kwa dakika kumi hivi, kisha joto likapanda na feni zikakimbia kuliko mwanzo. (Usijaribu, ndugu yangu, sponji lile linashika moto.) Ndipo likanijia wazo lililoniponza. Nikatoboa tundu ukutani, nikapitisha nyaya, nikaiweka kompyuta chumba cha pili. Kwangu vikabaki skrini, kibodi, kinanda na maiki. Nikarekodi. Kimya! Nikacheza peke yangu kama mwendawazimu.

Chumba cha pili alikuwa analala bibi.

Bibi, mzaa mama, alikuja kwetu kutoka kijijini kutibiwa miguu. Ilikuwa Agosti. Mimi nafanya kazi usiku, mtaa ukishalala, na mara nyingi naiacha kompyuta inachakata nyimbo mpaka alfajiri. Mwezi wa kumi, siku moja tunakunywa chai, bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, hivi huku kwenu mvua huja kila usiku halafu haifiki?"

Sikumwelewa. Akaeleza. Kila usiku anasikia mvua inavuma kwa mbali, inakuja. Anasubiri. Mara mbili aliamka na miguu ile mibovu, akatoka nje kwenda kuanua makopa aliyokuwa ameanika mama. Akakuta nyota zimejaa mbinguni.

Nikamwambia ukweli: si mvua, bibi, ni kompyuta yangu. Akatazama kikombe chake, akasema, "Kumbe. Mama yako aliniambia kile kidude ni kazi yako. Kazi ya mtu haizuiwi." Akaendelea kunywa chai. Mimi yangu ilinishinda.

Niliipeleka habari hii kijiweni, na hapo ndipo mjadala wenyewe ulipoanza. Mshikaji mmoja akasema, "Bwana wewe, unajitesa bure. Bibi mwenyewe hajalalamika. Wimbo ukitoka, pesa italisha nyumba nzima, na yeye atakula." Mwingine akadakia, "Kama kelele ni dhambi, basi kamfunge kwanza mwenye mashine ya kusaga."

Hoja hizo si za kupuuza. Nilikaa nazo siku kadhaa.

Ya kwanza, kwamba hakulalamika. Lakini kutolalamika na kukubali ni vitu viwili tofauti. Anayekubali ameulizwa, akajua anachokubali, na alikuwa na nafasi ya kukataa. Bibi hakuulizwa. Hata hakujua kwamba ile ni kelele ya mtu. Aliihesabu kuwa ni mvua ya Mungu. Na angejua, angekataa vipi, mgeni katika nyumba ya mkwewe? Mara nyingi tunaowatupia mizigo yetu ni wale ambao adabu, umri au ufukara vimewaziba midomo. Halafu tunauita unyamavu wao ridhaa.

Ya pili, mashine ya kusaga. Ni kweli inanguruma kuliko kompyuta mia. Lakini mtaa mzima unakula unga wake. Jioni inazimwa. Na kila mtu anajua ni ya nani. Ikizidi, unakwenda kumwona mwenyewe. Kelele yangu ilikuwa ndogo, ila haikuwa na sifa hata moja kati ya hizo. Faida ilikuwa yangu, wakati wake ulikuwa usiku wa manane, na mwenyewe nilikuwa nimejificha nyuma ya ukuta. Kumbe desibeli peke yake hazitoshi kupimia ubaya wa kelele. Inabidi uulize pia inamnufaisha nani, inakoma saa ngapi, na anayeumia ataweza kumpata mwenyewe?

Kuna mtunzi wa Marekani, John Cage, ambaye mwaka 1951 aliingia katika chumba cha Chuo Kikuu cha Harvard kilichojengwa ili sauti isirudi wala isiingie. Alitegemea kusikia kimya kitupu. Akasikia sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Aliambiwa kwamba ya juu ni mishipa yake ya fahamu ikifanya kazi, na ya chini ni damu yake ikizunguka. Mwaka uliofuata akaleta wimbo ambao mpiga kinanda hapigi noti hata moja kwa dakika nne na sekunde thelathini na tatu, na wasikilizaji wanabaki na sauti za ukumbi wenyewe. Watu wengine walimwona mzushi. Mimi nadhani aligundua jambo ambalo mtu wa Makanyagio analijua bila kusoma Harvard: kimya kitupu hakipo. Kinachoitwa kimya mara nyingi ni kelele iliyohamishwa.

Angalia mji wetu. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa nje ya gridi ya taifa, na umeme wetu ulitoka kwenye jenereta za dizeli. Taa yangu ilikuwa inawaka kimya kabisa, nami naandika mashairi chini yake nikijiona mstaarabu. Lakini jenereta haikuwa kimya. Aliyekuwa akilala karibu nayo alikuwa akiisikia taa yangu usiku kucha.

Je, tuache kutafuta utulivu? La hasha. Bila utulivu hakuna wimbo, hakuna shairi. Nilichojifunza ni kwamba njia ziko mbili. Moja ni kuihamisha kelele: kuziba, kuficha, kutoboa ukuta. Ya pili ni kuipunguza pale pale inapozaliwa. Ya pili ni ya gharama, na gharama yake naibeba mimi.

Niliuza simu yangu nzuri, nikaanza kuchagua vifaa upya, nikiwa na swali moja tu mkononi: hiki kinahitaji kutoa joto kiasi gani? Nikachukua prosesa ya wati 35 badala ya ile ya wati 65 iliyokuwa inanitamanisha. Nikaacha kadi ya picha, maana muziki hauihitaji, nayo huwa na feni zake. Diski ya kuzunguka nikaweka SSD, isiyo na kitu kinachotembea ndani. Juu ya prosesa nikafunga chuma kikubwa cha kupozea chenye mapezi mengi. Pawa saplai nikatafuta ile ambayo feni yake haizunguki mpaka mzigo uwe mkubwa. Nilitamani kompyuta isiyo na feni kabisa, lakini joto la Mpanda la mwezi wa kumi likanikumbusha niko wapi. Nikabakiza feni mbili za milimita 120, zinazunguka taratibu. Feni kubwa ya pole inasukuma hewa sawa na feni ndogo inayokimbia. Tena feni ile ile ukiipunguza mwendo kwa nusu, hewa inabaki nusu, lakini kelele inashuka kwa kiasi cha desibeli 15, na desibeli 10 tu sikio linaziona kama nusu ya kelele. Mbele ya feni nikaweka vichujio vya vumbi, ninavyoviosha kila Jumamosi.

Ubaya wake? Ni mzito wa kazi. Nikipakia nyimbo zenye vyombo vingi, unachelewa. Kazi iliyokuwa inaisha usiku mmoja sasa inakwenda mbili. Ndiyo bei yenyewe: ule usumbufu aliokuwa anaubeba bibi sasa umegeuka kuwa subira yangu.

Nikalirudisha kasha chumbani mwangu, nikaziba tundu kwa udongo. Usiku ule nilikwenda kulala chumba cha bibi, mkekani, nikatega sikio ukutani. Kweli, palikuwa kimya. Bibi akaniuliza gizani ninatafuta nini. Nikamwambia nasikiliza kama mvua inakuja. Akacheka.

Sasa nakugeukia wewe, ndugu msomaji, unayetaka kuwa mwandishi. Pengine huna kompyuta ya kuvuma. Lakini saa unayoandika, nani amewatoa watoto nje? Dada gani anaosha masufuria bila kuyagonganisha kwa sababu "kaka anaandika"? Mama gani amepunguza redio yake, ile aliyoingojea kutwa? Ukurasa wako mtulivu umepewa utulivu na mtu. Sisemi uache kuandika. Nasema mwulize. Mwulize kwa namna ambayo akisema hapana, hutanuna. Na ukiona kwamba hana namna ya kusema hapana, basi hamishia gharama kwako: amka mapema, andika polepole, kubali kazi ichelewe.

Wimbo wangu ulikwisha mwezi wa kumi na mbili. Ukiusikiliza kwa hedifoni, kwenye ubeti wa pili utasikia cherehani kwa mbali, inakanyagwa. Nilikuwa naweza kuifuta. Nilikwenda kwa fundi nikamchezesha wimbo, nikamwuliza, "Mama, hii ni mashine yako. Niiache?" Akasikiliza mara mbili, akasema, "Iache, baba. Ila siku nyingine niambie, nivute pumzi kidogo uimbe."