Taasubi ya Chapa

Swali tulilokusudia kulizungumza ni hili: mtu akinunua kitu kwa mali yake, akatoa thamani kamili na akapokea kitu chake, je, humbakia deni la kumpenda na kumtetea aliyemwuzia? Wengi watacheka, waseme jambo hili halihitaji kuulizwa. Lakini twawaona vijana wenye akili, waliosoma, wakitukanana usiku kucha kwa ajili ya makampuni mawili ya Marekani yasiyowajua hata kwa majina. Nao si wachache.

Kitu chenyewe ni kadi ya picha, yaani kile kipande kitiwacho ndani ya kompyuta ili kichore kwa haraka picha za michezo. Kampuni ya NVIDIA iliasisiwa mwaka 1993. Mpinzani wake ni AMD, iliyoingia katika biashara hii mwaka 2006 kwa kuinunua ATI ya Kanada. Ugomvi mkali hauko kwenye kadi za matajiri. Uko kwenye zile za bei ya katikati, ambazo mtu huzinunua mara moja kwa miaka kadhaa, baada ya kudunduliza. Na hapo ndipo penye siri ya jambo hili, kama tutakavyoona.

Tuchukue mwaka 2016. Mwezi wa Juni AMD ilitoa RX 480, yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu, kwa dola 239. Mwezi uliofuata NVIDIA ikatoa GTX 1060 ya gigabaiti 6 kwa dola 249. Tofauti ni dola 10! Kwa insafu, hii ya pili ilikuwa mbele kidogo katika michezo mingi ya wakati ule, na umeme ilioula ulikuwa haba: wati 120, na mwenzake 150. Ile ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu kubwa zaidi, na katika baadhi ya michezo iliyoandikwa kwa njia mpya, kama Vulkan, yeye ndiye aliyetangulia. Mtu mwadilifu angesema: hizi ni sawa na ndugu wawili, tazama bei ya dukani kwenu na michezo uipendayo, kisha chagua.

Haikuwa hivyo. Ilipodhihirika kwamba RX 480 yavuta umeme kupita kiwango kilichowekwa kwa tundu lake katika ubao mkuu wa kompyuta, wako waliosema ni uzushi wa maadui, mpaka AMD yenyewe ikatoa programu ya kurekebisha mwezi wa Julai. NVIDIA nayo, mwezi wa Agosti, ikatoa kadi ya gigabaiti 3 na kuiita kwa jina lile lile la GTX 1060, ilhali haikupunguzwa kumbukumbu peke yake, bali hata viini vya kufanyia hesabu vilishushwa kutoka 1280 hadi 1152. Huku ni kuuza vitu viwili kwa jina moja, na sisi hatuoni udhuru wake. Lakini watetezi waliuona. Kabla ya hapo palikuwa na GTX 970 ya mwaka 2014, iliyouzwa kwa gigabaiti 4, na nusu gigabaiti ya mwisho ikawa ni ya mwendo wa pole mno. Kampuni ilikubali mwaka 2016 kuwalipa wanunuzi wa Marekani dola 30 kila kadi. Ajabu ni kwamba walikuwako walioibiwa haki yao, nao ndio waliomtetea aliyewapunja.

Basi ni nini kinachomtia mtu katika hali hii? Si mapenzi, japokuwa huitwa hivyo. Twaona ni khofu ya majuto. Aliyedunduliza miezi mingi hapendi kusikia kwamba angeweza kupata bora kwa bei ile ile. Kwa hivyo huitukana kadi ya mwenziwe ili moyo wake utulie juu ya yake. Tajiri hana haja hiyo, kwani akijuta atanunua nyingine.

Atasema mtu: je, si haki kumrudia fundi aliyenitendea vyema? Ni haki, nasi twafanya hivyo kwa maseremala na washoni wetu. Lakini huko ni kuamini kwa ushahidi, na ushahidi ukigeuka, imani nayo hugeuka. Uaminifu wa kushikamana na mtu hata akikosea ni haki ya mzazi, ndugu na rafiki, kwa kuwa nao wangetushika tukikosea. Kampuni haimshiki mtu. Wengine husema wamtetea mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Hoja hii ina uzito kidogo, ila mnyonge huyo ni kampuni yenye mabilioni ya dola.

Madhara yake humwangukia mgeni. Kijana mwenye akiba ndogo huja kutaka shauri, na shauri ni amana; naye hupewa jibu la kundi badala ya jibu la haja yake.

Na lau wangejua! Wakuu wa makampuni hayo, Jensen Huang na Lisa Su, wote wawili wamezaliwa Taiwan, nao ni jamaa kwa nasaba. Tena viini vya kadi zao za mwaka 2023, RTX 4060 na RX 7600, vyote vilitengenezwa na kampuni moja ya huko huko Taiwan, TSMC. Zote mbili zina gigabaiti 8. Ya NVIDIA ilitolewa kwa dola 299 na hula wati 115. Ya AMD ilitolewa kwa dola 269 na hula wati 165. Kwa achezaye saa 4 kila siku, wati hizo 50 ni yuniti 6 za umeme kwa mwezi. Kijana aulizaye apewe hesabu hii, kisha aulizwe ni michezo gani aichezayo, na umeme wa kwao nani aulipaye.