Aliyezika Akitarajia Kurudi

Mwezi Mei mwaka 2008, katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani, mafundi bustani walikuwa wakichimba shimo la bwawa dogo la samaki kwenye ua wa nyumba ya mtu. Walipofika kina cha karibu nusu mita, chepe liligonga kitu, na mlio wake haukuwa wa jiwe la kawaida. Ndani ya nafasi isiyozidi kisanduku kikubwa cha viatu zilitoka zana 83 za mawe: visu vipana kama sahani ndogo, vilivyochongwa pande zote mbili kwa ustadi, kifaa kimoja mfano wa shoka lenye makali mawili, na vipande vidogo vidogo vya gumegume. Baadhi ya mawe hayo yalikuwa yamechukuliwa mbali, ng'ambo ya milima.

Profesa Douglas Bamforth wa Chuo Kikuu cha Colorado alizichunguza. Zilipopimwa maabara, kwenye baadhi yake yalionekana mabaki ya damu ya farasi, ngamia, kondoo na dubu. Farasi na ngamia wa asili wa Amerika Kaskazini walitoweka mwishoni mwa Zama za Barafu. Kwa hiyo aliyeviweka visu vile aliishi kama miaka 13,000 iliyopita.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hii, mkono wa kwanza ulionyooka uliuliza juu ya hiyo miaka na kitabu cha Mwanzo. Ni swali la haki, na huwa tunalipa muda wake. Siku ile niliomba lingoje, maana kilichonigusa mimi kilikuwa kingine. Zana zile hazikutupwa wala kusahauliwa njiani. Zilikusanywa, nzuri pamoja na mabaki yanayoweza kufaa siku moja, zikatiwa shimoni. Bamforth mwenyewe aliona kwamba aliyeziweka alitarajia kabisa kurudi kuzichukua.

Kwa miaka mingi nilihubiri kwamba kuficha ni upungufu wa imani. Nilikuwa na yule mtumishi wa tatu wa Mathayo 25, aliyechimba chini akaifukia talanta ya bwana wake, nikidhani hoja imekwisha. Na nilikuwa na mfano ulio hai karibu yangu. Marehemu baba alikuwa mtu wa kuficha: chumvi, misumari, mbegu za maharage ndani ya chupa iliyozibwa kwa nta. Ndugu zangu walimtania. Mimi, mchungaji kijana, nilimhukumu. Jumapili moja nilihubiri juu ya tajiri mpumbavu wa Luka 12, na usharika mzima ulijua namsema nani. Baba alinipa mkono mlangoni, akanishukuru kwa neno, akaenda zake.

Alipofariki, tukisawazisha ardhi nyuma ya banda la mbuzi, tulikuta gunia lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na majembe matatu mapya, bila mipini, yamepakwa grisi. Mama ndiye aliyetueleza. Yalikuwa ya kaka yetu mkubwa aliyekwenda migodini na ambaye habari zake zilikatika zamani. Kila msimu uliokuwa na mavuno mazuri baba alinunua moja, ili mwanawe akirudi asianze na mikono mitupu. Aliyafukia kwa sababu yangebaki ndani ya nyumba tungeyatumia.

Sasa nasoma mifano ile kwa kuchelewa. Tajiri wa Luka hakuficha kitu. Alipanga kujenga ghala kubwa zaidi na kuketi kando yake. Mtumishi wa talanta alifukia kwa hofu, na aliyemwogopa ni bwana wake. Mwindaji wa Boulder alizika kwa sababu alikuwa anaondoka. Anayefuata wanyama kwa miguu hawezi kubeba kila kitu, na mawe ni mazito. Alichokiacha kilikuwa chema, pengine kizuri kuliko alichobaki nacho mkononi. Sioni choyo hapo.

Mwalimu mwenzangu alinipinga kwa mana. Iliyowekwa hadi asubuhi ilioza, ikaingia mabuu, alisema. Kweli, Kutoka 16 inasema hivyo. Lakini sura hiyohiyo inasema iliyowekwa siku ya sita kwa ajili ya Sabato haikuoza, na kopo moja likahifadhiwa kwa amri, kwa ajili ya vizazi ambavyo havijazaliwa. Kuweka ni kulekule. Nadhani tulipaswa kuuliza inawekwa kwa ajili ya nani kabla ya kupanda mimbarini. Mimi sikumuuliza baba.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba mwindaji yule hakurudi. Wala kaka yangu hajarudi. Je, tumaini lao waliozika lilikuwa bure? Katika mahubiri yote niliyosikia juu ya hazina iliyofichwa shambani, Mathayo 13:44, tunamshangilia aliyeipata, akauza vyote akalinunua shamba. Sijasikia mtu akimuulizia aliyeificha. Lakini yupo, mtu fulani aliificha, na kitu fulani, vita au homa au safari, kikamzuia. Sisi wachungaji tunapenda kuwaahidi watu kwamba anayetumaini ndiye atakayeona kwa macho yake. Ni rahisi kusema hivyo kwenye msiba, nami nimesema mara nyingi. Waebrania 11 haituruhusu: wale wote walikufa katika imani bila kuzipokea ahadi, waliziona kwa mbali tu. Kumwambia mama mzee neno hilo kuhusu mwanawe ni kazi nyingine kabisa, na sijui kama nimeiweza.

Mwenye nyumba wa Boulder alisema angependa zana nyingi ziende makumbusho, lakini chache kati ya zile ndogo azirudishe udongoni palepale ua wake.

Majembe mawili wanayo dada zangu, wanalimia. La tatu mama alikataa lisitiwe mpini. Tulilipaka grisi upya, tukalifunga katika gunia, nami nikachimba shimo nyuma ya banda la mbuzi.