Imani Inayoombwa na Chapa

Tangu Daraja la J. P. Magufuli lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025 na kuziunganisha Kigongo na Busisi juu ya Ghuba ya Mwanza, kwa urefu upatao kilomita 3, msafiri wa Sengerema, ambaye zamani hakuwa na budi kukaa ufukoni akingoja zamu yake ya kivuko pamoja na malori ya samaki na mabasi ya Geita, sasa huvuka bila kushuka garini. Na pamoja naye huvuka, kwa wepesi uo huo, kila bidhaa yenye jina na kila jina lenye kutafuta wapenzi. Apitaye mitaa ya mji huona maduka yaliyopakwa rangi ya kampuni ya soda yakipakana na maduka yaliyopakwa rangi za kampuni za simu, na jina la mwenye duka, kama limeandikwa, limejibanza katika pembe ya ukuta wake mwenyewe. Gari la matangazo hupita siku ya gulio na vipaza sauti vyake, vijana wakicheza juu yake kwa fulana za rangi moja. Sioni dhambi katika rangi wala katika muziki. Lakini nyuma ya vitu hivyo viwili limo ombi lisilosemwa waziwazi: mtu anaombwa, kabla ya kutoa fedha yake, aitoe imani yake. Imani ni amana kubwa, na katika Uislamu na Ukristo pia ndiyo tunu ya kwanza ambayo Mungu huitaka kwa mja wake. Basi ni haki kuuliza ni nani mwingine anayestahili kupewa, na kwa sharti gani.

Wahenga wa pwani walikwisha kukata shauri katika jambo hili waliposema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hukumu yao ilikuwa na insafu mahali ilipozaliwa, katika miji ya mitaa myembamba ambako muuza halua na mshitiri wake walisali safu moja, wakaozana na kuzikana, hata habari ya halua iliyoungua ikafika majumbani kabla ya halua yenyewe. Lakini sabuni iliyotengenezwa ng'ambo ya bahari, au hata Dar es Salaam, ikifika katika duka la kijiji kando ya ziwa haina jirani wa kuisemea. Haiwezi kujiuza kwa wema wake, maana wema wake haujaonwa na mtu. Yajitembeza kwa sababu ni mgeni, na mgeni hana budi kujitaja. Kwa hiyo naiheshimu methali, ila siwezi kuifanya sheria ya kumhukumia kila anayeitangaza mali yake.

Fauka ya hayo, watu wa kanda hii waliijua sanaa ya kuvuta macho ya umati zamani sana, kabla kibao cha kwanza cha tangazo hakijasimamishwa Mwanza. Wasukuma, ambao hukaa Sengerema pamoja na Wazinza, wana makundi mawili makuu ya ngoma tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, ambayo masimulizi hutaja asili yake kuwa ni mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi hayo hukutana uwanjani, yakacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na ushindi huwa wa kundi lililozungukwa na umati mkubwa zaidi. Fikiria jinsi sharti hilo linavyoinoa akili ya msanii. Mtazamaji hakufungwa na ahadi yoyote, na akichoka huvuka uwanja kwa miguu yake mwenyewe kwenda upande wa pili. Kwa hiyo manju hulazimika kubuni, mmoja akaja na chatu akimzungusha shingoni, mwingine akawafunza vijana wake kurusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mapigo, na mwingine akatunga wimbo juu ya jambo lililotokea juzi, ambalo kila mtu ana hamu ya kulisikia likitamkwa mbele ya watu. Mpaka leo mashindano ya namna hiyo huonekana katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, karibu na Kisesa, mahali ambapo Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliasisi makumbusho ya Wasukuma. Nani aonaye ubunifu kama huo akathubutu kusema kwamba kumvuta mtu kwa uzuri ni uovu? Mimi sithubutu. Na mapenzi ya mtu wa Bagika kwa Bagika wake ni mapenzi ambayo wenye makampuni huyatafuta kwa gharama kubwa na aghalabu wasiyapate.

Walakini katika uwanja ule ule kulikuwa na kitu kingine. Manju walitafuta dawa, na miongoni mwa dawa hizo zilikuwamo zilizokusudiwa kuwavuta watazamaji hata kama ngoma ya upande wa pili ilikuwa nzuri zaidi. Kama zilikuwa na nguvu au hazikuwa nazo si shauri la insha hii. Linalonishughulisha ni nia. Anayerusha jembe husema na macho na akili ya mtazamaji, kisha humwachia hiari yake. Anayetia dawa ataka hiari yenyewe imtoke mwenyewe naye asijue. Nikitazama matangazo ya leo huutafuta mpaka ulio kati ya nia hizo mbili, na mara nyingi naukuta umekwisha kuvukwa.

Dini zilishughulika kwa uangalifu mkubwa na upande mmoja wa jambo hili, nao ni upande wa uongo. Katika Uislamu hupokewa habari ya Mtume aliyepita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Mwenye nafaka akajitetea kwa mvua, naye akaulizwa kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione, kisha akaambiwa kwamba mwenye kughushi hayumo katika jamaa ya waumini. Aliyezoea biashara ya dagaa katika mialo ya Sengerema, kama vile Chifunfu, hana haja ya kuelezwa maana ya habari hiyo mara mbili, kwa kuwa dagaa walioanikwa mchangani huja na mchanga wao, na mchanga una uzito ndani ya gunia. Kwa upande wa Wakristo, Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini, alikuwa mwalimu wa balagha mjini Milan, kazi yenye cheo na mshahara, akaiacha mwaka 386 kwa kuwa dhamiri yake ilimshtaki kwamba ni mchuuzi wa maneno. Sijui shtaka zito kuliko hilo kwa mtu yeyote anayeishi kwa ufasaha, mwandishi wa insha akiwa miongoni mwao.

Ila tangazo la siku hizi limejifunza kukaa mahali ambapo kidole hakiwezi kufika ndani ya lundo. Chukua soda ya Coca-Cola, ambayo hujazwa Mwanza na kampuni ya Nyanza Bottling. Anayeinywa ajua kwamba anakunywa maji, sukari na gesi, na tangazo lake halimwambii habari za maji wala za sukari. Humwonyesha ndugu waliokutana baada ya kupoteana, na vijana wanaocheka kwa pamoja jua likizama. Hakuna uongo hapo, kwa sababu hakuna dai. Yapo tu mapatano yanayofanyika kimya ndani ya moyo, kwamba furaha ya ndugu na chupa ile ni jamaa moja. Mwaka 2011, nchini Australia, kampuni hiyo ilianza kuchapa majina ya watu kwenye chupa, na mpango huo ukaenea katika nchi nyingi. Nimelitafakari sana jambo hilo. Kuitwa kwa jina ni taadhima. Mzazi hukuita kwa jina, na katika Maandiko Mungu humwita Musa na Samweli kwa majina yao kabla ya kuwatuma. Chupa yenye jina lako imekuita, lakini nyuma yake hayupo anayekujua, na ukiitika hayupo anayesikia. Hapo naona dawa ya manju. Na huzidi ukali wake inapochanganywa na maneno ya ibada, kama ilivyokuwa katika DECI, mpango wa fedha ambao miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji, ulioita fedha mbegu na kuwaahidi waliopanda kwamba watavuna, mpaka serikali ilipousimamisha mwaka 2009 na watu wengi wakabaki bila mbegu wala mavuno.

Ushahidi ulio bayana zaidi umo katika kampuni za simu. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, na Zain ikageuka Airtel mwaka 2010. Novemba 2024 Tigo ikawa Yas. Mwenye mali ana haki ya kuibadilisha jina mali yake, nami siwalaumu. Nauliza tu mapenzi yaliyokuwa yametolewa kwa jina lililoondoka yalihamia wapi, na katika mitaa ya Sengerema jibu hupatikana chini ya mwavuli. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, na huduma nyingine za namna hiyo kuifuata, mtu anayemtumia mama yake fedha kijijini humwendea wakala, tena humchagua kwa sababu zisizomo katika tangazo lolote: huyu hakosei namba, huyu hatangazi salio la watu, huyu alimwita mteja aliyesahau chenji akamrudishia. Mwavuli hubadilishwa rangi, fulana hubadilishwa maandishi, na dada wakala hubaki yule yule na wateja wale wale. Imani ilikaa kwake tangu mwanzo; jina lililoandikwa juu ya kichwa chake lilikuwa limeikopa.

Ilikaa kwake kwa sababu yeye aweza kuona haya. Wanazuoni wa Kiislamu huihesabu haya kuwa tawi la imani, na nadhani hawakusema hivyo kwa pambo. Mtu humwamini mtu kwa kuwa ajua kwamba akikosewa ataweza kumwendea, kumtazama usoni, na kuuona uso ule ukianguka. Jina lisilo na uso halina mahali pa kuonea haya. Kampuni yaweza kupata hasara, yaweza kutozwa faini chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo hukataza kumhadaa mlaji, na ni vema sheria hiyo ipo; lakini hasara huhesabiwa vitabuni na mwaka ukiisha husahauliwa, na aliyekosewa hakumwona mtu.

Mtu asidhani nataka bidhaa ziende uchi bila alama. Mali isiyo na alama ni mali isiyo na mwenyewe, na wa kwanza kuumizwa nayo ni maskini, ambaye hana fedha ya kununua mara ya pili akibaini kwamba alichonunua kwanza kilikuwa bandia. Kanga zenye maandishi K.H.E. Mali ya Abdulla, za nyumba ya biashara iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887, zilibeba jina la mtu katika nguo, na mwanamke aliyenunua doti alijua nguo ile ni ya nani. Mfugaji ajua zaidi. Sheria Na. 12 ya mwaka 2010 iliamuru mifugo itambuliwe na kusajiliwa ili ifuatiliwe, na mwaka 2017 wafugaji wa nchi nzima walihimizwa kuwapiga chapa ng'ombe wao kwa chuma cha moto. Ng'ombe mwenye chapa akiingia katika shamba la mahindi la jirani, chapa ile humpeleka mwenye shamba mpaka mlangoni kwa mwenye ng'ombe, atake asitake. Alama ya namna hiyo haimwombi mtu aipende. Humpa tu njia ya kumfikia mwenye dhamana, na kwa hiyo yaweza kuaminiwa.

Hilo ndilo sharti ninalolitaka kwa kila alama inayovuka daraja, na kwa zile zitakazotoka upande wetu pia, maana sasa wapo wanawake katika kanda ya ziwa wanaoanika dagaa juu ya chanja badala ya mchangani, wakawafunga katika pakiti zenye jina na picha, wakawapeleka katika maduka ya miji mikubwa. Nawaombea watangaze kwa ubunifu wote wa Bagika na Bagalu, warushe majembe yao juu kabisa, watu wakusanyike. Nami nikiombwa ushauri juu ya karatasi ya pakiti, nitawaomba nafasi kidogo chini ya picha, paandikwe mwalo dagaa walikotoka, mwezi walioanikwa, na namba ya simu itakayopokewa na aliyewaanika.